Nani Anapima Herufi? Maandishi Ndani ya Kanvasi ya Wavuti

Kanvasi ya wavuti ilizaliwa bubu. Apple walipoibuni mwaka 2004 kwa ajili ya vijiprogramu vya Dashboard kwenye kompyuta za Mac, iliweza kuchora mstari, tao, kisanduku na picha, lakini haikuweza kuandika hata herufi moja. Firefox 1.5 iliipokea mwaka 2005, Opera ikafuata, na bado aliyetaka kuweka jina la duka juu ya mchoro wake alilazimika kutafuta ujanja: aandae picha ya kila herufi, au achore umbo la herufi kwa mistari na mikunjo. Amri za fillText na strokeText zilianza kuenea mwaka 2009, Firefox ilipofika toleo la 3.5. Internet Explorer ilingoja hadi toleo la 9, mwaka 2011.

Hata zilipokuja, zilikuja na mkono wa birika. Amri ya fillText huandika mstari mmoja, kwa fonti moja, kwa rangi moja. Ukiiwekea alama ya kushuka mstari, huigeuza kuwa nafasi tupu na kuendelea mbele. Haijui aya, haijui ukingo, haijui neno la kupigiwa mstari chini. Na ikishaandika, imesahau. Zinazobaki ni pikseli zilizopakwa rangi, wala hakuna wa kuulizwa herufi zilikuwa zipi. Anayetaka kulisogeza neno kidogo tu hufuta uwanja mzima na kuchora upya.

Pengo hilo ndilo lililozaa maktaba za JavaScript zinazoipa kanvasi kumbukumbu. Mojawapo ni Fabric.js, iliyoanzishwa na Juriy Zaytsev, anayejulikana zaidi kwa jina la kangax, mwaka 2010. Hakuiandika kwa kujifurahisha. Alikuwa akiijengea Printio, kampuni changa ya Urusi iliyotaka wateja wake wajibunie fulana wenyewe ndani ya kivinjari: waweke picha, waandike maneno, wayazungushe, wayapake rangi, kisha waagize. Siku hizo kihariri cha namna hiyo kilitengenezwa kwa Flash. Maandishi ya fulana yaliibana maktaba tangu siku ya kwanza, na matoleo yake ya mwanzo yalitegemea maktaba nyingine, Cufón, ili herufi zipate kuchorwa.

Leo katika Fabric maandishi ni kitu kamili. Yanajua yako wapi, yameinama nyuzi ngapi, yana fonti gani. Msanidi programu asiposema lolote, hupewa Times New Roman ya ukubwa wa 40 na kimo cha mstari cha 1.16. Anaweza kubadili unene na mlazo wa herufi, kupiga mstari chini, juu au katikati ya neno, kuongeza nafasi kati ya herufi (inayohesabiwa kwa sehemu za elfu za ukubwa wa fonti), kuweka rangi nyuma ya maneno, kivuli na ukingo. Aina zenyewe ni tatu. Ipo ya kuonyesha tu, ambayo tangu toleo la 6 la mwaka 2024, lililoandikwa upya kwa TypeScript, inaitwa FabricText ili jina lake lisigongane na Text ya kivinjari chenyewe. Ipo IText, ambayo mtumiaji huibofya na kuandika papo hapo. Na ipo Textbox, yenye upana uliowekwa, ambayo hukunja mistari yenyewe.

Ukizisoma sifa hizo harakaharaka utadhani ni mkoba wa vipodozi: chagua rangi, chagua fonti, maliza. Anayezitumia kwa wiki chache hugundua kwamba matatizo yake karibu yote hayahusiani na urembo. Yanahusu kipimo. Katika ukurasa wa kawaida wa HTML kivinjari ndicho kinachopima kila herufi, kukata mistari, kuweka kielekezi na kupanga upya mambo yanapobadilika. Ndani ya kanvasi kivinjari hujiuzulu kazi hiyo na kuacha amri moja, measureText, ambayo kwa miaka mingi ilichojua kusema ni upana wa maneno na basi. Mengine yote maktaba hujihesabia. Kwa hiyo kulinganisha maktaba kwa idadi ya sifa zake hakumsaidii mtu sana. Swali lenye faida ni nani anapima, lini, na anakumbuka nini.

Fabric hupima kwa bidii ya fundi cherehani. Huchukua kila herufi na kuipima kwa ukubwa wa pikseli 400, kisha hushusha kipimo hadi ukubwa unaotakiwa. Hupima pia herufi mbilimbili, kwa sababu A na V zikikaa pamoja husogeleana kuliko A na N. Majibu huyaweka akiba, fonti kwa fonti, ili isirudie kazi kila mtumiaji anapobonyeza kitufe. Mpango huo una kasi na unamwezesha mtumiaji kubofya katikati ya neno akakuta kielekezi pale pale alipobofya.

Akiba hiyohiyo ndiyo inayoleta kero inayojulikana kuliko zote. Mtumiaji anachagua fonti ya mapambo, tuseme moja ya zile za Google Fonts. Faili ya fonti bado iko njiani. Kanvasi haisubiri mtu: huchora kwa fonti ya dharura iliyo karibu, na maktaba hupima hiyo ya dharura na kuandika vipimo kwenye daftari lake. Fonti halisi inapofika, hakuna anayeigutusha kanvasi ichore upya. Mtumiaji akigusa maandishi yanabadilika ghafla, herufi zinapishana, kisanduku kinakuwa kifupi kuliko neno, kielekezi kinasimama juu ya tumbo la herufi. Ofisini kwenye intaneti ya kasi mtengenezaji hatauona mkasa huu hata akitafuta. Utamkuta mteja aliye kwenye basi la mikoani akitumia kifurushi cha simu. Tiba yake inajulikana: kuiagiza fonti kwanza kwa document.fonts.load, kungoja ithibitike imefika, kufuta akiba ya vipimo, kuiambia Fabric ipime tena, na mwisho kuchora. Mpangilio wa hatua ni muhimu. Anayechora kabla ya kufuta akiba hana alichofanya.

Kuna mtego mdogo zaidi kwenye fonti. Faili iliyopakuliwa ikiwa ya unene wa kawaida tu, na msanidi akaagiza herufi nene, kivinjari hakilalamiki. Hujinenepeshea herufi chenyewe. Matokeo yanaonekana kama unene, ila matundu ya a na e huziba, na mchapishaji mwenye fonti halisi atatoa kitu tofauti na kile mteja alichokiona.

Kipimo kinachanganya tena pale mtu anapokamata kona ya maandishi na kuyavuta yakue. Angetarajia ukubwa wa fonti upande. Haupandi. Fabric hubadilisha kizidisho cha mlalo na cha wima, huku fontSize ikibaki 40 vilevile, hata kama kwenye skrini herufi zina ukubwa wa 80. Menyu ya ukubwa wa fonti inasema jambo moja na macho yanaona lingine. Wasanidi wengi huishia kulisikiliza tukio la kuvuta, wakazidisha fontSize kwa kizidisho na kukirudisha kizidisho kwenye 1. Vilevile sifa hubadilishwa kwa njia ya set. Anayeandika thamani moja kwa moja kwenye kitu huwa amebadilisha namba bila kuiarifu maktaba, nayo huendelea kuonyesha picha ya zamani iliyoihifadhi.

Ukingo wa herufi nao una hesabu yake. Katika matangazo ya harusi, ya matamasha na ya mikutano ya injili, Nairobi hata Mwanza, herufi za njano zenye ukingo mnene mweusi ni mtindo usiozeeka. Kanvasi huchora ukingo ukiwa umekaa katikati ya mpaka wa herufi, nusu nje na nusu ndani. Ukinenepesha ukingo, nusu ya ndani hula herufi hadi njano ikabaki uzi. Fabric ina sifa ya paintFirst: ikipewa thamani ya stroke, ukingo huchorwa kwanza na rangi ya ndani hupakwa juu yake, herufi ikabaki na mwili wake wote. Kwenye M na W ncha za ukingo huchomoza kama miiba mpaka maungio ya mistari yafanywe ya mviringo. Na baadhi ya fonti za kisasa, zile ambazo faili moja hubeba unene wote, zina maumbo yanayopandana ndani ya herufi moja. Ukiziwekea ukingo, mistari ya ndani ambayo haikupaswa kuonekana hujitokeza. Rangi ya ndani ikipakwa juu huificha, lakini herufi ya ukingo mtupu maktaba haiiwezi. Ni kubadilisha fonti.

Nguvu ya kweli ya Fabric iko kwenye mitindo ya herufi mojamoja. Kila mstari una namba, kila herufi ndani ya mstari ina namba, zote zikianzia sifuri, na kila herufi inaweza kupewa rangi, ukubwa, unene au mwinuko wake. Mtumiaji huteua neno kwa kidole, msanidi huita setSelectionStyles, basi. Kwa nyuma Fabric huficha kisanduku cha kawaida cha maandishi cha HTML kinachopokea vitufe, kwani kanvasi haina kibodi. Bei ya uhuru huu hulipwa wakati wa kuhifadhi. Zamani mitindo iliandikwa herufi kwa herufi na faili zikavimba. Matoleo ya karibuni huihifadhi kwa vipande, kutoka herufi hii hadi ile.

Konva haikutaka kuibeba bei hiyo. Maktaba hii ilirithi kazi ya KineticJS ya Eric Rowell, na Anton Lavrenov ndiye aliyeiendeleza. Maandishi yake huanza na Arial ya ukubwa wa 12, yana nafasi ya ndani ya kisanduku, ulinganifu wa wima, ukunjaji kwa neno au kwa herufi, na nukta tatu maneno yanapozidi mahali. Lakini kitu kimoja kina mtindo mmoja. Neno moja jekundu katikati ya sentensi nyeusi lazima liwe kitu cha pekee, na mahali pake msanidi apahesabu mwenyewe. Wala hakuna uhariri wa papo hapo kama wa IText: njia inayopendekezwa ni kuyaficha maandishi, kuweka kisanduku cha HTML juu yake sawia, kumwacha mtumiaji aandike, kisha kukiondoa. Kwa kuwa kisanduku kinapimwa na kivinjari na kanvasi inapimwa na Konva, mara nyingi maneno huruka pikseli moja au mbili uhariri unapoanza. Kwa michoro yenye mamia ya maumbo na lebo fupi huu ni uchaguzi wa busara. Kwa kihariri cha kadi za mwaliko utamchosha mtu.

PixiJS ni ya mwendo. Huandika maneno kwenye kanvasi ya pembeni, huipeleka picha yake kwenye kichakataji cha michoro, na kuanzia hapo kuyazungusha au kuyafifisha ni rahisi mno. Gharama iko kwenye kubadilisha maneno yenyewe, kwa sababu kila badiliko ni picha mpya ya kupelekwa. Alama za mchezo zinazobadilika kila fremu huandikwa kwa BitmapText, ambayo herufi zake zimechorwa mapema kwenye karatasi moja na hukatwa tu kama stempu. Ukizikuza kupita kiasi, hupoteza ukali. Zipo nyingine. Paper.js ya Jürg Lehni na Jonathan Puckey huridhika na maandishi yanayoanzia nukta moja, na p5.js ya Lauren McCarthy imewalenga wanafunzi na wasanii wanaotaka neno litokee kwa amri mbili tatu.

Majaribio makali zaidi ya maktaba hizi huja pale lugha isipokuwa Kiingereza. Herufi za Kiarabu hubadilika umbo kufuatana na mahali zilipo katika neno: mwanzo, kati, mwisho au peke yake. Kanvasi ikipewa neno zima, kivinjari huziunganisha vizuri. Fabric hupeleka mstari mzima ikiwa hauna mtindo maalumu. Lakini mtumiaji akiongeza nafasi kati ya herufi, au akipitisha maneno kwenye mkunjo, maktaba huchora herufi mojamoja, kila moja ikasimama katika umbo la upweke na neno likasambaratika. Isitoshe, vipimo vya herufi mojamoja havilingani na maumbo yaliyounganishwa, hivyo kielekezi hupotea njia hata pale neno linapoonekana sawa. Jambo hili linawagusa waandishi wa Muscat na Cairo, na halijawaacha kando wasomi wa Kiswahili: miswada ya tenzi za Pate, Lamu na Mombasa iliandikwa kwa herufi hizohizo, na anayetaka kuionyesha kwenye kanvasi kwa mapambo ya rangi atakutana na ukuta huu siku ya kwanza.

Kiswahili cha herufi za Kirumi nacho kina jaribio lake, la kimya kidogo. Neno kama hawatatushughulikia lina herufi 19 bila pengo. Textbox ya Fabric haikati neno. Kisanduku kikibanwa kuliko neno refu kuliko yote, hukataa kupungua. Mbuni aliyepanga safu nyembamba kwa maneno ya Kiingereza hushangaa safu hiyo ikitanuka pindi tafsiri inapoingizwa. Konva hufanya kinyume: neno lisipoenea hulikata popote, pasipo kistari. Fabric nayo ina splitByGrapheme, inayokata popote vilevile, hata ng'ombe akabaki na n mstari wa juu na g' mstari wa chini. Kwa bahati nzuri lugha yenyewe imerahisisha tiba. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo amri fupi inayoruhusu kukata baada ya irabu na kuongeza kistari hufanya kazi nzuri kuliko kamusi za ukataji ambazo Kiingereza kinazihitaji. Maneno ya mkopo kama daktari yataleta ubishi, ila ubishi huo upo hata kwenye vitabu vya shule.

Baada ya skrini huja mashine ya kuchapa, na hapo Fabric inalipa. Kwa kuwa inakumbuka kila kitu, picha ikiombwa kwa kizidisho cha mara tatu au nne, herufi huchorwa upya kwa ukubwa huo badala ya kunyooshwa, na kingo hubaki kali. Mipaka huwekwa na kifaa. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, kama milioni 8.7. A3 ni 3508 kwa 4961, zaidi ya milioni 17.4, wakati Safari ya iPhone kwa miaka mingi iliikataa kanvasi inayozidi pikseli 16,777,216. Bango linalotoka vizuri kwenye kompyuta ya mezani linaweza kukataa kabisa kutoka simuni. Njia ya SVG huepuka mpaka huo lakini hubeba jina la fonti badala ya fonti yenyewe, na kompyuta ya mchapaji isiyo nayo huweka ya kwake.

Kwamba matokeo hutofautiana kati ya mashine na mashine si dhana. Mwaka 2012 Keaton Mowery na Hovav Shacham wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kuwa maandishi yaleyale yakichorwa kwenye kanvasi hutoa pikseli zinazotofautiana kidogo kulingana na mfumo, kadi ya michoro na fonti zilizomo, kiasi cha kusaidia kumtambua mtumiaji bila ya yeye kujua. Ndiyo maana Tor Browser hairuhusu picha ya kanvasi isomwe bila idhini. Mteja asipotoa idhini hiyo, kihariri humpa picha isiyo na kazi yake.

Na kuna wasioona. Maandishi ya kanvasi hayasomwi na visoma skrini, hayatafutiki kwa kitafutio cha kivinjari, hayatafsiriki, hayanakiliki. Mwongozo wa ufikivu wa wavuti, WCAG, kifungu cha 1.4.5, unataka maneno yasigeuzwe picha pasipo sababu, ukitoa ruhusa kwa nembo na mambo yasiyowezekana vingine. Google walipotangaza Mei 2021 kwamba Docs itahama kutoka HTML kwenda kuchora kwenye kanvasi, moja ya hoja zilizoibuka ilikuwa hii, na visoma skrini vililazimika kulishwa kwa njia ya pembeni. Kampuni ya ukubwa ule inamudu. Mtu mmoja mwenye duka la fulana hamudu, na njia yake ya bei nafuu ni kuweka nakala ya maneno katika HTML nje ya kanvasi na kuisasisha kila maandishi yanapobadilika.

Vivinjari vyenyewe vimeanza kurudisha sehemu ya kazi viliyoitupa. Chrome 99, mwaka 2022, iliiongezea kanvasi nafasi kati ya herufi na kati ya maneno, mambo ambayo maktaba zilikuwa zikiyahesabu kwa mkono. Katika WICG, kundi linalojadili mapendekezo ya wavuti, lipo wazo kubwa zaidi: kuruhusu kipengele halisi cha HTML kikae ndani ya kanvasi na kuchorwa humo, kikiwa bado kinasomeka na kuharirika. Likikubaliwa na vivinjari vyote, upimaji utarudi kwa kivinjari, Kiarabu kitaungana bila hila, na maktaba zitabakiwa na kazi ya vishikizo, kuvuta na kuzungusha. Lakini kihariri cha kibiashara hakiwezi kuishi ndani ya Chrome pekee, na Safari ndiyo iliyo mikononi mwa kila mwenye iPhone. Anayeanza kazi leo bado ataandika foleni yake ya kupakua fonti, atafuta akiba ya vipimo kila fonti inapofika, na ataizima menyu ya nafasi kati ya herufi pindi mteja anapoandika Kiarabu.